Ukumbi wa Chupa, Ghorofa ya Nne

Pushpa alikuja Uingereza kutoka Kisumu akiwa na miaka ishirini na miwili, na haikupita wiki ya pili akapata kazi katika kiwanda cha wiski kule Barking. Alikuwa akikagua chupa mbele ya taa. Mama mkwe, mtu wa sala asubuhi na jioni, aliambiwa ni kiwanda cha juisi. Alidumu humo miaka ishirini, hadi wenyewe walipokifunga mwaka 1991 na kuhamishia kazi Uskoti.

Jengo lilikaa tupu, njiwa wakizaana, kisha likageuzwa nyumba za kuishi. Mwanawe Sanjay akamnunulia moja, ghorofa ya nne, asijue kuwa ndimo ulimokuwa ukumbi wa chupa. Pushpa alizitambua nguzo za chuma za kazini kwake mara alipoingia. Angesemaje, na mtoto ameshatia saini?

Sasa ana miaka sabini na sita. Magoti yamechoka, lifti imekufa, hii ni wiki ya sita, na nyumba haiuziki kwa sababu kuta za nje zimepimwa zikaonekana zinashika moto upesi. Anayempandia ngazi kila asubuhi ni Emérence, mlezi wake, mtu wa Bukavu. Wanaelewana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake.

Mwezi wa tatu alikuja Hemali, binti wa ofisi ya jengo. Walitaka kuweka ubao wa historia pale chini mlangoni.

"Anti, nisimulie mambo ya zamani."

Pushpa akamsimulia. Wasimamizi waliogopa wizi, basi kila zamu wanawake walifungiwa kwa nje, ufunguo ukakaa mfukoni mwa bwana mmoja. Siku moja kengele ya moto ikalia, moshi ukapanda, na bwana yule ametoka kula. Wanawake thelathini na mmoja waligonga ule mlango dakika arobaini, mpaka ngumi zikavimba. Moto haukufika juu. Lakini mimba ya rafiki yake Nishma haikumaliza wiki.

Hemali aliacha kuandika. "Hili sidhani watalikubali, Anti."

Ubao ulipowekwa, Emérence aliupiga picha akamletea. Ulisema wanawake wa chupa walikuwa familia moja, wakiimba kazini.

"Una kalamu?" Pushpa aliuliza.

"Niko nayo, Mama. Sema, niko naandika."

Emérence akaibandika karatasi yenye kisa cha mlango uliofungwa chini ya ubao. Kesho yake imeondolewa. Akabandika nyingine, nayo ikaenda.

"Mama, wakiniona watanifukuza kazi."

"Basi acha, mwanangu. Nipe mimi."

Emérence alipoondoka, Pushpa akashuka mwenyewe, kwa makalio, ngazi moja moja, karatasi kaiuma kwa meno. Ilimchukua saa nzima. Akaibandika, akageuka, na magoti yakakataa kupanda. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Majirani walikuwa wakiingia, wakisoma, wakimtazama. Wawili walimuuliza, akawaeleza. Jioni Sanjay na jirani mmoja walimbeba juu kwenye kiti cha jikoni. Karatasi ilidumu siku nane. Lifti bado.