Vyombo vya maua vilivyolia ukutani Kasulu

Ijumaa, Machi 14, 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, ukuta mweupe wa ukumbi mpya wa ofisi moja mjini Kasulu ulianza kutoka maji mekundu. Wageni ndiyo kwanza walikuwa wanakaa. Kwa Pascasie Niyubahwe, mfinyanzi wa kijiji cha Heru Juu mwenye miaka 54, kila kitu kiliharibika hapo.

Leo, saa mbili asubuhi, yuko uani kwake amepiga magoti, anazungusha kamba ya udongo juu ya kamba ya udongo. "Mwakeye," anaamkia kwa Kiha bila kuinua macho. Mikono haisimami. Kando ya jiko vyungu kumi na tisa vimepangwa, vimechomwa vikaiva. Hakuna anayevitaka.

Mambo yalianza na kitu kizuri. Mtaalamu mmoja wa maji kutoka Japani, alipomaliza kazi yake, alimwachia afisa mmoja wa ofisi hiyo zawadi: chombo cha maua cha kauri, cha kutundika ukutani. Chembamba, urefu wa shibiri, rangi ya majivu, mgongo bapa wenye tundu la msumari. Kinabeba ua moja tu.

"Nilikishika nikakipenda," anasema Pascasie. "Aliyekifinyanga, huko kwao, aliacha alama ya kidole gumba chini. Nikasema, huyu ni mwenzangu."

Afisa akamwagiza afinyange hamsini vya namna hiyo, vipambe ukumbi siku ya ufunguzi.

Na hapo ndipo wakubwa wetu wanapotumaliza: kuagiza wanajua, kusikiliza hawajui. Chungu cha Heru Juu huchomwa kwa nyasi na kuni, hapohapo juu ya ardhi. Hakijui tanuri, wala hakina ule utelezi kama kioo uliopakwa kile cha Japani. Udongo wake unapitisha maji. Ndiyo maana chungu kipya hulishwa kwanza: kinachemshiwa uji mzito wa muhogo mpaka udongo uunywe, ushibe, uzibe. Kila binti wa huku anajua. Kisipolishwa, kinalia.

Pascasie alimwambia afisa. Maneno anayo mpaka leo.

"Bosi, niache nivilishe kwanza."

"Uji utaacha madoa meusi, mama. Mimi nataka rangi ya udongo, safi."

"Vitalia, bosi."

"Kwani unapika maharage? Haya ni maua, mama yangu. Maua hayali uji!"

Waliokuwemo ofisini wakacheka. Pascasie naye akacheka, kwa heshima, akavipeleka bila kuvilisha.

Firdausi, anayefanya usafi ukumbini, ndiye aliyevijaza maji asubuhi ile. "Nikaanza kufuta na kitambaa," anasimulia. "Nafuta huku, kule kunatiririka. Na rangi yenyewe wamepaka juzi. Nikasema leo tumekwisha."

Mgeni rasmi akauliza nani kavitengeneza. Afisa akanyoosha kidole. "Mama yule pale."

Pascasie alisimama.

"Ningesemaje? Mkubwa hasahihishwi mbele ya mgeni wake, ndivyo tulivyolelewa. Nikadhani wageni wakiondoka atarekebisha mwenyewe."

Hakurekebisha. Watu wakatoka pale na habari moja tu: vyungu vya Pascasie vinavuja.

Zamani alikuwa akiuza vyungu kumi na vitano kwa wiki, vingine vikienda mpaka Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi wa Kongo. Sasa vikitoka vitatu anamshukuru Mungu. Jumamosi iliyopita sokoni, mama mmoja aligonga chungu kwa kidole, akakirudisha chini.

"Hivi si ndugu wa vile vya ukutani?"

"Hivi vimelishwa, dada. Nusa ndani."

"Aa, mama, mimi nanunua chungu. Sinunui mvua."

Wauza dagaa wakaangua kicheko. Pascasie alicheka nao kidogo, halafu akakifunika kile chungu kwa kanga, taratibu, kama anavyofunikwa marehemu.

Mumewe, Gasper, analima muhogo na hana maneno mengi. "Alikuwa akifinyanga anaimba," anasema. "Siku hizi nasikia udongo tu."

Mara tatu Pascasie amekwenda ofisini. Hadai fidia. Anataka afisa aseme mbele za watu kwamba yeye ndiye aliyekataza uji. Mara ya kwanza aliambiwa yuko kikaoni. Ya pili, yuko safarini. Ya tatu, amehamishiwa mkoa mwingine, na cheo kimepanda. Hapa kwetu mwenye kiti akikosea huongezewa kiti. Anayekaa chini ndiye anayelipa.

Hata hivyo amefinyanga kimoja kingine, akakilisha, akakitundika chumbani na ua ndani. Wiki ya sita sasa, ukuta mkavu. Mpango wake ni kukipeleka kwenye mkutano wa hadhara wa kata mwezi ujao, akijaze maji watu wakiona, akiweke mezani na kusubiri waone kama kitalia. Ameomba nafasi ya kusema. Afisa mpya amemjibu kwamba ajenda zimejaa.

Kabla ya kutoka ofisini alimuuliza afisa huyo jambo moja. Kijana akainamia simu yake. Pascasie analirudia hapa uani, mikono imesimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi:

"Nilipomwambia vitalia, ofisi nzima ilisikia, ikacheka. Na siku ile wote walikuwemo ukumbini. Mbona hakusimama hata mmoja?"