Pumzi Isiyoamrishwa

Mimi napima pumzi za injini, na kazi hiyo naijua. Nasema hivyo bila haya, maana nyumbani Njombe bado wanadhani nilikwenda ng'ambo kusomea urubani. Shangazi zangu wameshaagiza tiketi za bure.

Injini zenyewe ni za umeme, za kusukuma setilaiti huko angani. Ni ndogo, moja unaibeba kwa mikono miwili. Tunaifunga ndani ya tangi lililonyonywa hewa yote, tunaipa gesi kidogo na umeme mwingi, gesi inageuka plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme, na kuchomoka kwa mwanga wa buluu. Ila haitoki kwa utulivu. Ikishatoka, injini inabaki karibu tupu mpaka gesi nyingine ijae, kisha inachomoka tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Sisi husema injini inapumua. Ikipumua vibaya sana inaweza kuzimika ikiwa kazini, na huko juu hakuna fundi.

Ukiingiza kipimo cha chuma humo kitaungua, na kabla hakijaungua kitakuwa kimeshaivuruga plazma. Ndiyo maana tunatumia leza. Tunachagua rangi ambayo chembe za plazma huipokea zikang'aa, na kwa kuwa chembe inayokimbia hupokea rangi tofauti kidogo na iliyotulia, rangi hiyo inatuambia kasi yake. Mng'ao huo ni hafifu mno, lazima uukusanye kwa mizunguko mingi. Hapo maabara yetu ilikuwa imezoea njia ya mkato: kuutikisa umeme wa injini kidogo ili ipumue kwa kufuata saa yetu. Michoro ilitoka mizuri ajabu. Nilibishana na wenzangu mpaka wakanichoka, nikiwaambia tunapima utii, hatupimi injini. Nikashinda. Siku hizi tunaiacha ipumue itakavyo, tunarekodi kila kitu, tunapanga baadaye.

Likizo iliyopita nilimkuta baba amekonda. Amepasua mbao maisha yake yote, na vumbi la mbao halikumwacha salama. Mama aliniambia kwamba mzee akipanda mlima kutoka sokoni anasimama njiani na kujifanya anatazama viazi vya watu. Nami nilikuwa nimebakiza wiki moja tu. Zamu yangu ya leza ilikuwa imepangwa, na kuikosa ni kusubiri mpaka mwakani. Nikampeleka Makambako kwa daktari wa kifua.

Baba alivaa koti la kanisani. Daktari akambana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, akasema, "Vuta pumzi, mzee. Toa. Vuta tena."

Baba akanyoosha mgongo, akavuta na kutoa kama mwanakwaya. Kifaa kikasoma vizuri. "Mzee yuko fiti," daktari akasema, akaanza kuandika dawa ya kikohozi.

Hasira zilinipanda, na nashukuru zilipanda. Ilikuwa ni ile michoro mizuri ajabu, safari hii imevaa koti.

"Daktari, usimwamrishe," nikasema. "Kiache kifaa hapo hapo kidoleni, apumue mwenyewe."

"Sasa dada, nitampimaje nisipomwambia apumue?"

"Asalimiwe tu."

Daktari alikuwa mgeni wa huku. Yeye salamu yake iliishia kwenye shikamoo. Muuguzi wake, mama wa Kibena, alinitazama, akanielewa. Akavuta kiti, akaketi mbele ya baba. "Kamwene, baba."

Kwetu ukisalimiwa na mtu anayejua kusalimia, huwezi kujibu neno moja ukanyamaza. Baba aliulizwa habari za nyumbani, za mama, za watoto, za ng'ombe, za mvua, naye akajibu kila moja na kuuliza za kwake, kwa Kibena safi, bila kupumzika, maana kumkatia mtu salamu katikati ni kukosa adabu. Walipofika kwenye mahindi sauti ya baba ilikuwa imebaki upepo. Midomo ikabadilika rangi. Kifaa kikaanza kulia.

Daktari akaweka kalamu chini. Hakubisha, na kwa hilo namheshimu. Alisema baba alazwe siku hiyo hiyo, awekewe oksijeni, kisha apelekwe hospitali kubwa.

Sitaficha, nilitoka pale kichwa juu. Nilikuwa nimemkamata mzee wangu kwa akili niliyoitafuta kwa jasho, na nilitaka alijue hilo. Jioni, wodini, akiwa na mrija puani, nikamuuliza kwa nini alitaka kumdanganya daktari.

"Daktari nimdanganye ya nini?" akasema taratibu. "Nilikuwa nakudanganya wewe." Akatulia kwanza, pumzi irudi. "Wiki yako inaisha, mwanangu. Nilitaka upande ndege ukijua mimi mzima."

Nililia mbele yake bila kujificha. Nilimpenda, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Kisha nikatoa simu, nikawaandikia wa maabara kwamba zamu yangu wampe mwingine.

Baba aliona ninachoandika. Akageuza uso, akautazama ukuta.