Mwenye Kasiksi Njo Anaanza Kuonja

Tangu tulifika hapa Shasha, mama yangu hajaweza kupenda ziwa. Asubuhi anatoka mu hema, anaangalia ile maji yote, anauliza: "Sasa hii yote, inaoteshaka nini?" Namuambia: "Mama, inaotesha sambaza." Anasema ile samaki ndogo haiko chakula, iko macho tu yenye mukia. Kisha anageukia upande wa Masisi, kule mawingu inakaaka. Miye pia naangalia. Hatuonake kitu. Mulima yetu iko nyuma ya mulima ingine, na ile ingine iko nyuma ya ingine. Lakini tunaangalia tu, kama watu wenye kungojea mugeni ku njia.

Miye ni muntu wa kuchekesha. Masomo yangu ilikufia mu mwaka ya tatu ya sekonderi. Watu wanasema vita ilinikatizia masomo, na miye sikatae, inaleta heshima. Ukweli ni kwamba hesabu ilikuwa karibu kuniua, vita njo ilikuja kunitoa mu mikono yake. Hapa mu kambi wananiita ku harusi na ku kilio. Ku harusi nichekeshe watu, ku kilio nichote maji. Njo maana siku waliniita mu kanisa nitoe ushahidi, watu walianza kucheka mbele sijafungua kinywa.

Ushahidi ilikuwa juu ya Onorabule. Hajakuwa Onorabule bado, yuko kandida tu wa bunge, lakini kwetu muntu akishachapisha sura yake ku kalandari, basi, ni Onorabule mupaka kifo. Ni mutoto wa mulima yetu. Kwao ni watu wa ngombe, kwetu ni watu wa ndizi na maharagi. Tulikomaa vile: ngombe yao inakula maharagi yetu, siye tunakunywa maziwa yao, wazazi wanagombana juma muzima, na siku ya Mungu wote wanaimba mu kitabu moja. Natamani hata ile magomvi. Papa yake alikuwaka anasimama ku lupango ya nyumba yetu na fimbo, anasema: "Jirani, hizi maharagi zenu njo zilianza kuita ngombe yangu." Sijaonaka hapa Shasha muntu mwenye kugombana muzuri vile.

Sasa, ile mulima yetu inakaliwa na watu wa musitu, wale wenye bunduki. Onorabule alikuja kutuambia anaweza kupanda kule, asemezane nao, waachilie njia turudie kwetu. Lakini walimuambia hawapokee muntu anajituma mwenyewe. Lazima watu ya mulima wamutume. Akasimama mbele yetu na suti yake, viatu yote matope, akasema: "Siko naomba kura. Naomba munitume tu."

Mama yangu alipiga mikono. Ile jioni alianza kukunja kanga zake, eti asikute njia imefunguliwa na yeye bado anatafuta kanga. Nikamuambia: "Mama, hata mukutano ya kumutuma haijakaa." Akasema: "Weye unangojaka kila kitu ikae. Njo maana hauna bibi." Ametamani kurudia kwetu mupaka tamaa imekuwa kama ugonjwa. Ndizi ya hapa anasema haina jina. Maharagi ya hapa anasema imepikwa na muntu mwenye hasira. Mbele ya yote anaogopa kitu moja: kufa hapa, wamulaze karibu ya maji, mu udongo yenye hakuna muntu wake hata moja ndani.

Njo ile video ikatokea.

Ilipita mu telefone ya kambi muzima, hata mu telefone yenye kioo imepasuka. Unaona Onorabule amekaa ku jiwe, mu musitu, upande wa Walikale karibu ya Kibua. Pembeni yake kuna mukubwa ya wale watu, bunduki ku magoti. Katikati yao kuna kibuyu. Onorabule anashika murija, anavuta, anameza, kisha anapatia yule mukubwa. Basi. Hakuna sauti, ni mvua tu inapiga ku majani ya ndizi.

Mugeni angesema: angalia, anakunywa na wauaji. Siye hatukushangaa vile. Nani kwetu hajapatiaka wale watu kitu? Wakifika ku lupango wanasema "Mama, maji," unaleta maji. Siye tuliona kitu ingine: alianza kuonja. Na kwetu kasiksi, ile pombe ya ndizi, mwenyewe njo anaianza, mugeni aone haina sumu. Mugeni hawezi kuanza. Mugeni mwenye kuanza ni mulevi, ao yeye njo mwenye nyumba.

"Munaona?" watu wakasema. "Ile nyumba ni yake. Wale watoto wenye bunduki ni wake. Sasa tumutume kusemezana na nani, na yeye mwenyewe?"

Na ku mwisho ya video, pembeni, kunaonekana goti. Goti ya muntu amevaa suruali ya bulu yenye kiraka nyekundu. Kambi muzima inajua ile kiraka. Niliishona mwenyewe, na ilishonwa vibaya sana.

Mukutano ilikaa mu kanisa ya mbao, siku ya Mungu kisha misa. Prezida ya kambi, zamani alikuwa mwalimu, alisimama mbele. Onorabule alikaa ku banki, ile benchi ya upande, hakuna aliyekaa karibu yake. Mbele kabisa alikaa mama moja mwenye kuimba mu korali, siye tunamuita mama wa korali. Mutoto yake wa kwanza alibebwa na wale watu mu shamba, akiwa na jembe ku bega, na hajarudi. Huyu mama bado anaimba, lakini sauti yake sasa inatangulia wengine, haingoje.

Prezida akasema: "Weye mwenye goti, simama."

Watu wakacheka. Nikasimama.

"Ulikuwa pale?"

"Mwalimu, goti ilikuwa pale. Miye nilikuwa nyuma yake, najificha."

"Acha muchezo. Ulienda kufanya nini?"

"Kubeba bidoni, ile dumu ya njano. Njia ilikuwa matope, pikipiki haiwezi pita. Onorabule alisema anataka muntu mwenye mugongo nguvu na kinywa yenye kuchekesha, juu wale watu wakicheka hawapige. Nilianguka na ile bidoni mara mingi, mupaka tukifika wakaanza kunicheka mbele sijasema kitu. Kazi ilikuwa imeisha."

"Ndani ya bidoni kulikuwa nini?"

"Kasiksi."

Prezida akanisogelea. "Basi ile yenye iko mu kibuyu, ni yenye mulibeba? Si ya wale watu?"

Nikaona njia yote mbele yangu. Nikisema ni ya kwetu, Onorabule anapona: alianza kuonja juu aliibeba, si juu nyumba ni yake. Lakini watauliza nani aliitengeneza. Na miye najua nani. Yule muntu amekaa mu kundi la wamama, karibu kabisa na mama wa korali, wanagawanyaka chumvi na moto kila siku. Nikajifanya kukohoa.

Mama yangu akasimama.

"Muache huyo mutoto," akasema. "Atawadanganya na hajui kudanganya, atawapotezea jua bure. Ile kasiksi ni yangu."

Wamama wakageuka wote.

"Mbele tukimbie kwetu, wale watu walifunga njia ya mashamba maharagi ikiwa imekauka, munakumbuka. Huyu Onorabule akakuja kwangu. Nikamuambia, beba maziwa yako. Akasema, Mama, nikibeba maziwa watasema nimekuja kuombea ngombe yetu tu. Unipatie kitu ya ndizi, waone mulima muzima imekuja. Nikakamua ndizi na hizi mikono. Tukavuna. Wote munakaa hapa mulikula ile maharagi, hakuna aliuliza njia ilifunguliwa na nini."

Mama moja nyuma akasema: "Kumbe ulipikia wale? Wenye walibeba watoto yetu?"

"Nilipikia njia," mama akasema. "Wale walikuwa wamekaa juu yake."

Hakuna aliyecheka. Mama akabaki amesimama, kama muntu amebeba kitu ku kichwa na hajue atamupatia nani. Nilitaka kumuambia akae, lakini nilijua akikaa atakaa pembeni ya mama wa korali, na hatukujua kama ile fasi ya kukaa ingali yake.

Mama wa korali hakumuangalia. Aliniangalia miye.

"Kaka," akasema, "mambo ya nani aliikamua, iache. Sema tu hii: kasiksi ikiwa imefunguliwa, huyu aliomba nini?"

"Aliomba njia ya mashamba, Mama."

"Kisha?"

"Ngombe wapite ku malisho."

"Kisha?"

Nikaangalia Onorabule. Ameinamisha kichwa.

"Kisha watoto. Aliwaomba, Mama. Lakini kibuyu ilikuwa tupu."

"Wakajibu nini?"

"Yule mukubwa akasema: watoto gani? Hapa kuna askari tu. Akasimama. Na siye tukasimama."

Mama wa korali akageuka polepole ku banki ya upande. "Onorabule."

"Mama."

"Ngombe ilitangulia mutoto yangu?"

Onorabule akasimama. Suti yake siku ile ilikuwa kama ya muntu mwingine. "Mama, niliogopa. Nilijua nikianza na watoto watasimama palepale, na tutarudi bila kitu, hata njia."

"Kuogopa siko nakukatalia. Miye pia naogopaka. Lakini muntu akiogopa, njo unajua nini anaanza kubeba mu nyumba inaungua. Weye ulianza na ngombe."

"Mama, ni kweli."

"Na kama ungekuwa mukubwa yao, ungewaomba? Muntu haombake mu nyumba yake." Akageukia watu. "Kwa hiyo si wao. Ni wetu, na ni mubaya kidogo, sawa vile watu yetu. Atumwe."

Prezida akafungua kinywa aseme kitu ya kimwalimu. Mama wa korali akamukata: "Sijamaliza. Atumwe, lakini hii mara aanze na watoto. Njia akae nayo mu mufuko mupaka watoto wamalize kutajwa. Kama wakisimama, wasimame."

Ile neno mama yangu aliisikia sawa vile niliisikia. Wakisimama, njia haitafunguka. Wakisimama, tutabaki hapa na sambaza. Mulima yake ilikuwa imekuja karibu kabisa, karibu kugusa, na sasa muntu alikuwa anaisukuma nyuma kidogo. Angeweza kukataa. Ni yeye mwenye miaka mingi kuliko wote, wangemusikiliza.

"Wamama wenye watoto yao walibebwa," akasema, "wasimame, wamufundishe majina."

Njo vile ilikuwa. Prezida alitafuta karatasi, mama wa korali akakataa. Karatasi inalowana, akasema, karatasi watamunyanganya ku barrière ya kwanza, pale bunduki inafunga njia. Ashike mu kichwa. Wakamusimamisha Onorabule kama mutoto wa katekisimu. Kila mama anasema jina, na jina ya papa, na kitu moja ya kumujua: huyu ana kovu ku shavu, huyu anasema polepole, huyu anapenda kuchunga peke yake. Onorabule anarudilia. Akikosa, wanamuanzisha tena. "Hapana, Onorabule, huyo ni muloko yake, ule mudogo!" "Onorabule, kura yetu unakumbukaka, kovu unasahau?" Sasa watu wakaanza kucheka tena, na wengine wakilia, na miye nilikuwa naangalia tu. Jua ilifika ku ziwa akiwa bado anarudilia. Mama wa korali alisema jina ya mutoto yake mwisho. Hakusema kitu ya kumujua. Alisema tu: "Huyo, ukimuona, utaona sura yangu."

Kisha akaenda kukaa. Mama yangu alikuwa amekaa tayari ku ile banki. Mama wa korali akasukuma kitambaa yake kidogo, akakaa pale pale, magoti yao ikigusana.

Onorabule akapanda kesho yake asubuhi, kwa miguu. Watu wa Kirotshe walimuona akipita, wakasema ile kandida yenu amepata wazimu, anatembea akijisemesha. Siye tulifurahi sana kusikia vile.

Habari ya kule inakuja kidogo kidogo. Wauza makala ya kupikia walisema alipokelewa. Muuza jibini mwingine akasema hawakusimama, wamekaa, lakini wanabishana juu ya kila mutoto, eti huyu hatumujue, huyu alienda mwenyewe. Njia, Onorabule hajaigusa bado. Mvua ya kupanda maharagi imeanza na siye tuko hapa. Kwetu sasa ile ndizi ya nyuma ya jiko imezaa, hakuna wa kuitegemeza na muti, itaanguka na mukungu yake. Nayajua haya bila muntu kuniambia.

Mama haulizake tena juu ya mulima. Jana, muchukuzi moja wa makala alipumuzika ku hema yetu, akasema ametoka karibu na kule, mazungumuzo ingali inaendelea. Nilingoja mama aulize kama njia itafunguka mbele ya Noeli. Alimupatia maji, akangoja amalize kunywa.

"Amefika ku jina gani?" akauliza.

Muchukuzi akasema hajue.

"Haizuru," mama akasema. "Aende polepole. Asiruke hata moja."