Niko Nyumbani

Mjini wanamwita Fundi Lifti. Kijijini kwao lifti inaaminika kuwa aina ya basi, na kila mwaka mjomba wake huuliza kama limeshafika njia ya kwao. Fundi husema bado. Afanyeje? Atamwelezaje mzee wa watu kwamba anatengeneza gari linalopanda na kushuka maisha yake yote bila kufika popote?

Mkewe ni mzaliwa wa mjini, mshonaji mapazia. Ndoa yao ina ugomvi mmoja tu, lakini ni mnene. Kila likizo Fundi akisema "nakwenda nyumbani," mke huuliza, "Na hapa ni wapi? Stendi?" Wiki iliyopita Fundi alisalimu amri. Akaapa: nyumbani ni hapa, ghorofa ya tano, basi.

Jumapili asubuhi mama yake akapiga simu kutoka kijijini. Ametoka hospitali juzi, alikolazwa kwa homa ya mapafu, macho yana ukungu, kumbukumbu nayo inamtoroka.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko nyumbani, mama," akajibu kutoka kwenye kochi, soksi mguu mmoja. Simu ikakatika.

Jioni dada yake akapiga simu.

"Kaka, umemwambia nini mama? Amekaa barabarani tangu mchana, mvua yote yake! Anasema umefika, umepitia tu kwa majirani."

"Mwingize ndani!"

"Nimvute kama mbuzi? Kaniuma mkono! Eti namfukuzia mwanawe. Sema naye, anakohoa vibaya."

Fundi akasimama katikati ya zulia. Mkewe alikuwa anapiga pasi. Pasi ikatulia.

"Mama, ingia ndani kwanza."

"Niingie nikuache nje? Toka huko kwa jirani, atakumaliza kwa umbea."

Kikohozi kikamkamata, kirefu, kama mtu anaburuta meza. Fundi akafumba macho.

"Mama, siko nyumbani."

"Si ulisema uko nyumbani?"

"Nilikosea. Niko mjini."

"Mjini kwa nani?"

"Kwangu, mama."

"Kwako ni hapa! Unanichezea, mtoto wewe. Nakungoja."

"Kaka!" dada akalia nyuma yake. "Midomo imebadilika rangi! Sema chochote!"

Fundi hakuthubutu kutazama upande wa pasi.

"Niko kwa watu, mama."

"Ahaa. Kwa watu." Sauti ya mama ikalegea. "Sasa si ungesema? Ukiondoka uwaage vizuri, wasije wakasema hukulelewa."

Dada akarudi hewani: mama ameinuka, anaingia, anatetemeka kama jani, anatafutiwa gari la hospitali.

Fundi akashusha simu. Mkewe alikuwa ameshachomoa pasi ukutani, anazungushia waya wake mpini, taratibu.

"Watu tumesikia," akasema, akaingia chumbani.

Fundi akabaki amesimama kwenye zulia, hajui kama akae, au asubiri kukaribishwa.