Amina ya Jeppestown

Siku ile sebuleni tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Elia, Mama Furaha, msusi wa Lubumbashi aliyempangisha Elia chumba, na mumewe, Papa Ilunga, mlinzi wa ghala. Wote tulisema amina, isipokuwa Elia.

Nilitoka Mbeya mwaka 2017 kwa ajili yake. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikawalea wadogo zangu watatu kwa cherehani. Elia akafika chuo kikuu Johannesburg kusomea uzamili wa fasihi. Siku moja akanipigia: "Dada, walimu wamelikataa pendekezo langu la utafiti. Wakilikataa tena, narudi nyumbani. Njoo uwe karibu." Nikaifunika cherehani.

Tunduma, Lusaka, Harare: siku tatu barabarani. Mpakani Beitbridge tulipanga foleni tangu alfajiri mpaka jua likakaa utosini. Askari alipekua kapu langu, akanusa mchele wa Kyela, akatabasamu, akanipitisha.

Johannesburg tuliingia alasiri. Jeppestown ni mtaa wa karakana na majengo ya matofali mekundu, na mashine za kuchomelea vyuma husikika hadi jikoni. "Karibu, yaya!" Mama Furaha alinikumbatia; kwao yaya ni dada mkubwa. "Ulifika muzuri?" Nilikula ugali na sombe, yaani kisamvu cha kwao, nikalala kama mtoto.

Asubuhi ya pili Elia alitaka kujaribu maelezo yake mbele yetu. Anachunguza mkereketwa wa dini katika maandishi ya Ulaya ya miaka mia nne iliyopita. Wanafikra wa wakati ule, alisema, waliona bidii yake ni ugonjwa, mvuke wa mwilini uliompanda kichwani akadhani ni Roho. Watunzi wa michezo walimfanya kichekesho. Kwa mfano, akajitungia hotuba moja ya mtu kama huyo, ameingia sokoni na kumkemea muuza tepe.

"Utepe huu ni ulimi wa nyoka!" Elia alinguruma. "Anayejipamba anamfungulia shetani mlango!"

"Amina!" Papa Ilunga aliitika. Mama Furaha akainua mkono: "Amina, mutumishi!" Nami nikaitika, kwa sauti kuliko wote.

Elia akashusha karatasi. "Jamani, hapa watu hucheka."

"Tucheke nini?" Papa Ilunga akauliza. "Huyu anahubiri vizuri kushinda pasta yetu."

"Na rasta unazosuka, Mama Furaha?" Elia akauliza.

"Eish! Zile ni kazi, si pambo."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Elia peke yake alikuwa ameinama, anaandika.

Siku ya nne mimi na Elia tulikwenda chuoni. Walimu watatu walikaa mbele, mmoja wao mama wa Kikenya aliyenitafsiria. Elia aliacha ukurasa wa kwanza, akawasimulia ya sebuleni. Akasema mkereketwa ameandikwa na waliomcheka. Waliomwitikia hakuna aliyewauliza lolote. Yeye anataka kuwatafuta hao.

Walimu wakanong'onezana. Kisha mama wa Kikenya akanigeukia. "Dada, wewe ulisema amina. Kwa nini?"

Nilisimama. "Tulipofiwa, kila niliyemuuliza tutaishije alinijibu 'tutaona'. Mhubiri mmoja tu aliniambia 'ni hivi'. Nilikuwa nimechoka, mwalimu. Mtu mwenye uhakika alinipumzisha. Akasema hadithi za kubuni ni uongo wa shetani, basi nikayachoma madaftari mawili ya hadithi alizotunga huyu, akiwa na miaka kumi na nne."

Elia alitazama mezani. Yule mama alitafsiri polepole, na wenzake wakaandika. Tulingoja nje kwenye korido hadi mlango ulipofunguliwa. Pendekezo limekubaliwa.

Jumamosi walinisindikiza kituoni. Papa Ilunga alibeba kapu langu, Mama Furaha akaniongezea maandazi. Nilikuwa na furaha ya kutosha kuvuka nchi mbili. Kanisani bado nitakwenda, ila nimejifunza kuusikiliza uchovu wangu kabla sijaitika.

Dirishani nilimshika Elia mkono. "Yale madaftari..." nilianza.

"Dada, basi linaondoka," akasema, akaubana mkono wangu, akauachia.

Nimeshawaambia walimu watatu nisiowajua kwamba niliyachoma. Yeye mwenyewe bado sijamwomba msamaha.