Mstari wa Kuchungulia

Mama mkwe wa Mwalimu alikuwa na swali moja ambalo hakuchoka kuliuliza. Kila Jumamosi asubuhi akimkuta Mwalimu ameinamia kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, nguo zimelowekwa tangu jana, alikuwa akivuta kiti mkabala naye, anaweka beseni la maharage mapajani, na kuanza kuchambua.

"Hivi mwanangu, hao watu wako wanakulipa lini?"

"Hawanilipi, Mama. Tunajitolea."

"Na kati yao analipwa nani?"

"Hakuna anayelipwa."

"Basi mna wazimu wote. Nashukuru angalau hauko peke yako."

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, aliyefundisha hesabu katika shule ya sekondari ya wasichana. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na mara nyingi alikuwa sauti tu kwenye simu. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa imepoteza kitufe kimoja, na tundu lililobaki alilibonyeza kwa ncha ya kalamu. Kwa kompyuta hiyo alishiriki kutengeneza mashine.

Watu wakisikia mashine hutafuta nati na mafuta. Mashine ya kina Mwalimu haina nati hata moja. Ni programu inayojifanya mashine, ndiyo maana huitwa mashine pepe. Lugha za kuandikia programu ni nyingi na kompyuta ni za kila namna, na kila lugha ikitaka kujifunza tabia za kila kompyuta itazeeka kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo mashine pepe hukaa katikati, ikawa mkalimani. Wanaoitengeneza wametawanyika huku na huko, hawajawahi kukaa chumba kimoja, na kila wanachoandika kiko wazi: mtu yeyote akitaka anasoma, anachukua, anakosoa. Hasa anakosoa.

Sehemu ya Mwalimu ilikuwa mfagiaji. Programu ikiwa kazini hutawanya vitu vyake kila mahali katika kumbukumbu ya kompyuta, na mfagiaji hupita akiuliza kila kitu: kuna mtu amekushika? Kikishikwa, anakiacha. Kisiposhikwa, anakitupa. Mfagiaji mvivu hujaza nyumba takataka. Mfagiaji mwenye pupa hutupa hata kitu ambacho mwenyewe alikiweka chini mara moja tu ajikune, na mwenyewe akirudi kukichukua, programu nzima inaanguka kifudifudi.

Wenzake walikuwa na sheria moja wasiyoichezea. Hakuna maandishi yanayoingia kwenye mashine mpaka watu wawili wengine wayasome na kuyapitisha. Mmoja alikuwa daktari wa meno aliyesoma kazi za wenzake kati ya jino na jino. Mwingine walimwita Bawabu, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika lango, na hakuna aliyejua sura yake, maana mahali pa picha alikuwa ameweka kufuli. Halafu kulikuwa na Mgeni. Huyu alipojitokeza mara ya kwanza aliandika "mimi ni mgeni hapa, naombeni mnielekeze," na jina likamganda. Aliyemwelekeza ni Mwalimu. Alimsahihisha kwa ukali uleule wa kalamu nyekundu, na kijana, kama ni kijana, alishukuru kila sahihisho.

Toleo jipya la mashine lilitoka likiwa na kazi ya Mwalimu kwenye mfagiaji na kazi ya kwanza kabisa ya Mgeni. Wiki ileile wifi yake Mwalimu alipiga simu. Wifi alifanya kazi dirisha la kutolea majibu, maabara ya hospitali, na programu yao ya kutunza majibu ya vipimo ilikaa juu ya mashine hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyejisifu kazini kwamba wifi yake ni mmoja wa watengenezaji.

"Wifi, mashine yako imetuaibisha."

"Imefanya nini tena?"

"Inajifunga katikati ya kazi. Mgonjwa yuko mbele yangu, nageuka kwenye skrini, majibu hayapo. Kuna mtoto ametolewa damu mara mbili. Mama yake alivyoniangalia, we acha tu."

"Jamani, poleni."

"Fundi amerudisha ile ya zamani, tunaendelea. Lakini mkuu wangu kila akipita ananiuliza, si ndiyo ile ya wifi yako?"

Malalamiko kama hayo yalitoka sehemu nyingine pia. Bawabu alitazama kilichobadilika katika toleo lile, akaona jina geni, na macho yake hayakwenda mbali zaidi. Kazi ya Mgeni ikatolewa. Kwa bahati mbaya, ilipotolewa, hitilafu zikapungua, na wote wakaona ushahidi umetimia. Mgeni aliandika mara moja tu: "Nimesoma tena na tena, sioni nilipokosea. Lakini mkisema ni mimi, basi ni mimi. Samahanini. Naona kazi hii imenizidi." Baada ya hapo akanyamaza.

Mwalimu alisoma maneno hayo chumba cha walimu, chaki ikiwa bado vidoleni. Jioni ya jana yake, kazi ya Mgeni ikiwa imeshaondolewa, mashine ilikuwa imeanguka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mara moja tu. Alijiambia labda ni kompyuta, si inajulikana ni mbovu. Hakusema kitu kwa mtu.

Jumamosi alikaa kumtafuta mwizi. Katika kazi yao, ukitaka kujua ndani kunatokea nini, unaandika mstari wa kuchungulia: unaiambia mashine, ukifika hapa, nionyeshe kwenye skrini una nini mkononi. Aliweka mstari huo katikati ya kazi yake, akawasha mashine, akangoja ianguke. Haikuanguka. Akaitwika mzigo mara mbili. Haikuanguka. Mpaka nguo zikakauka kambani mashine ilikuwa inatembea bila wasiwasi, ikimwonyesha mambo safi matupu.

Na hapa lazima nimseme, ingawa nampenda: alifurahi. Alijikuta anatamani sana kosa liwe la Mgeni. Alikuwa na ushahidi mbele yake kwamba kwake hakuna kosa, na alitaka kuufunga mjadala akanywe chai. Lakini alipoufuta ule mstari ili arudishe kazi ilivyokuwa, mashine ikaanguka kabla hajainuka kwenye kiti. Akaurudisha. Ikatulia. Akaufuta. Ikaanguka. Alitazama skrini kama mtu anayefanyiwa mzaha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Usiku ule hakulala vizuri, na siku za kazi zilizofuata hazikumwacha. Alikosea hesabu ubaoni, wasichana wakatazamana. Alimwandikia Mgeni ujumbe, "habari za siku nyingi," akaufuta kabla haujaondoka, kwa sababu angemwambia nini?

Ilikuwa mlangoni mwa kidato cha pili ndipo jambo lilipomfungukia. Darasa lilisikika tangu koridoni, soko tupu. Alipofika mlangoni kila mtu alikuwa kimya, vitabu wazi. Mwalimu alisimama hapo bila kuingia. Ukimya huu, alifikiri, nimekuja nao mimi.

Aliwaandikia zoezi, akarudi chumba cha walimu karibu anakimbia. Ili mashine ikuonyeshe kitu, lazima kwanza ikishike. Ule mstari wake wa kuchungulia ndio uliokuwa mkono. Mfagiaji alipopita na kuuliza kuna mtu amekushika, mstari ulijibu ndiyo, na kitu kikapona. Ukiondoka mstari, kitu hakina mwenyewe, kinatupwa kikiwa bado kinatumika. Kazi ya Mgeni ilikuwa inamwita mfagiaji mara nyingi zaidi tu, ndiyo maana ilipotolewa hitilafu zilipungua. Na mstari kama huo, mahali palepale, ulikuwepo tangu mwanzo. Aliuweka wakati anaandika kazi yake, wenzake wawili wakaisoma ukiwemo, wakaipitisha. Halafu yeye, kwa usafi wake wa kupenda ukurasa usio na doa, akaufuta dakika ya mwisho na kupeleka kazi langoni bila kuomba isomwe tena. Mstari wa kuchungulia tu, nani anawaomba watu wasome kitu kama hicho? Kila mmoja wao amewahi kufanya hivyo.

Dawa ilikuwa ndogo. Kukishika kitu kile waziwazi mpaka kazi iishe, basi. Angeweza kuiingiza chini ya jina la marekebisho madogo, Bawabu asingeuliza, na Mgeni alikuwa ameshajiondokea mwenyewe. Alikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ambavyo angependa watu wajue.

Kisha akaandika pale penye macho ya wote: "Kosa lilikuwa langu, si la Mgeni. Nilifuta mstari baada ya kazi kupitishwa. Nilihisi mapema kidogo kuliko leo, nikanyamaza. Mgeni, nakuomba radhi. Marekebisho haya hapa. Naomba msomaji mmoja awe wewe."

Daktari wa meno alisoma, akapitisha, akaongeza kwamba hata yeye ana mistari ya aina hiyo ambayo angependa kuikagua. Bawabu hakumkaripia, jambo lililomtisha zaidi. Aliandika: "Na mimi namwomba radhi. Lakini watu wanasubiri. Asipojibu hadi kesho asubuhi, napitisha mimi."

Mwalimu aliiweka kompyuta wazi juu ya meza. Alimenya vitunguu akiitazama. Maziwa yalichemka yakamwagika naye amesimama palepale.

"Kuna msiba?" aliuliza mama mkwe.

"Hapana, Mama. Nimemkosea mtu. Nangoja kama atajibu."

"Mtu gani?"

"Mwenzetu wa kazini. Ile ya kujitolea."

"Unamjua kwao?"

"Simjui hata sura."

Mama mkwe alichukua kitambaa akaanza kufuta maziwa kwenye jiko. Hilo halikumsaidia Mwalimu. Angependa atukanwe kidogo, moyo ushuke.

Jua lilichomoza bila jibu. Alijipangusa uso, akavaa nguo za kazini, akakaa tena mezani na viatu mkononi. Aliwaza kwamba mtu anaweza kufutwa kirahisi hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemshika, na yeye ndiye aliyepaswa kumshika. Bawabu angepitisha muda wowote, maabara ingepata toleo zima, wifi angepumua, na Mgeni asingerudi.

Ndipo skrini ikaonyesha jina la Mgeni.

Hakukuwa na salamu. Hakukuwa na nimekusamehe wala usijali. Kulikuwa na maandishi haya tu: "Sipitishi. Hapa juu umekishika vizuri, lakini programu ikipita njia ya pili, ile ya chini, kinaachiwa tena kabla ya wakati. Tazama. Ukirekebisha nitasoma upya."

Mwalimu alitazama njia ya pili. Ilikuwa kweli. Aliweka viatu chini, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, mpaka mama mkwe akatoka chumbani na kanga begani.

"Amejibu?"

"Amejibu, Mama."

"Anasemaje?"

"Ameikataa kazi yangu," alisema Mwalimu akijifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Anasema niirudie."

Mama mkwe alimkazia macho, akaona sura ile haikufanana na habari zenyewe, akaketi. Mwalimu alikuwa ameshavuta kompyuta karibu na kuanza kuandika.