Siku Kaiza Alipokubali Kila Kitu

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto ina harufu mbili. Ya kwanza ni nzuri, ya nyasi kavu, mbuzi na moshi mwembamba, na ukiisikia unajua ngozi inakaza na mlio uko njiani. Ya pili huja ngoma ikisahauliwa karibu na moto. Hiyo hukaa kooni. Wiki iliyopita vijana wa timu ya mpira ya mtaani kwetu walikuwa wanapasha ngoma zao nyuma ya nyumba yangu, wakaingia kwenye ubishi wao, wakaisahau moja. Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Mwanangu Shabani alinifuata, hajui lolote, uso wote meno. Mwaka mzima yeye na wenzake wamewalalamikia viongozi wa timu yao, kwamba wanapanga watoto wa ndugu zao, wachezaji wazuri wanakaa nje, timu inafungwa mabao kila wiki. Sasa viongozi wamewaita wakawaambia madai yao yamepita, waje wote uwanjani Jumapili.

"Kila kitu, Mama! Hata hawakubisha."

Sikuweza kufurahi naye. Ngoja niwaeleze kwa nini. Mimi shule yangu ni chuo cha maalimu na haya maandishi kidogo niliyofundishwa ukubwani, lakini jambo hili nalijua kuliko waliosoma. Na majina nitayataja. Wenyewe wamekufa, na wajukuu zao wakinuna na wanune.

Wakati wa Mdachi hapa Morogoro sisi hatukuwa na mpira, tulikuwa na ngoma za vyama. Chama chetu kilikuwa cha upande wa mlimani, alama yetu kitambaa chekundu mkononi. Wapinzani wetu walikuwa upande wa reli, wao kitambaa cha buluu. Siku ya mashindano ngoma mbili zilipigwa kwenye uwanja mmoja, huku na huku, na hakukuwa na mwamuzi. Watu wenyewe waliamua kwa miguu yao. Ngoma iliyowavuta watu wakaiacha nyingine peke yake na vumbi, hiyo ndiyo imeshinda. Mtu akishindwa siku hiyo, sokoni alipita vichochoro wiki nzima.

Wakubwa wa vyama walijipa vyeo vya Kizungu. Wa kwetu aliitwa Kaiza, kama mfalme wa Wadachi. Jina lake hasa ni Salumu Mwinyikondo, muuza ngozi, mtu wa kitambi, mwenye koti la kijani ambalo vifungo vyake na matundu yake havikuwahi kukutana. Tulimcheka kwa siri, lakini tulimpenda, maana ngozi za ngoma zilitoka kwake.

Ngoma yetu kubwa ilipigwa na kaka yangu Athumani, mtoto wa kwanza wa mama yangu. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, asiyeweza kukaa mikono imetulia. Akisubiri ugali anapiga sinia, akizungumza na wewe anakupiga bega. Mama alikuwa akisema, "Huyu siku akifa, vidole vitazikwa kesho yake." Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, na kazi yangu katika chama ilikuwa kukusanya nyasi na kuipasha ile ngoma mpaka Athumani aiguse kwa kucha na kuniambia, "Basi, Hawa, imeiva." Sikuwa mtoto wa kutazama tu. Nilikuwa na kitambaa changu chekundu kama watu wazima.

Kisha Kaiza akaanza mambo yake. Ngoma akaifungia chumbani kwake, akisema ni mali ya chama, kumbe chama ni yeye. Kwenye karamu, wao wakubwa wanakula nyama, sisi tunanusa sufuria. Tukavumilia. Mwisho akampokonya Athumani ngoma akampa Mbaraka, mtoto wa dada yake, kijana aliyepiga ngoma kama mtu anayekung'uta mkeka. Tulishindwa mara tatu mfululizo. Watu wa reli wakatutungia wimbo, wanawake wao wakatuimbia mpaka kisimani:

"Mlimani ngozi zipo, mikono mmeazima wapi?"

Athumani hakugombana. Alifungua kitambaa chake, akakiweka kwenye kizingiti cha Kaiza, akapanda mlimani kwa mjomba wetu kulima maharage. Baada yake watu wote wakasusa. Waimbaji, Mama akiwa mmoja wao, wakasema hawafungui kinywa. Siku moja Kaiza aliita ngoma, wakaja yeye, Mbaraka, na mbuzi wa jirani. Siku nyingine waimbaji walikwenda barazani kwake kumkabili, na Mama Tausi, mwimbaji wetu mkubwa, alimpa ukweli wake.

"Shikamoo, Kaiza."

"Marahaba."

"Tumekuja kukuuliza. Huyu Mbaraka, unampenda wewe au tumpende sote?"

"Chama kina mkubwa wake, Mama Tausi."

"Kinaye. Basi mkubwa na acheze mwenyewe."

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Kaiza aliingia ndani, mlango ukafungwa kwa kishindo.

Vita vilikuwa vimekwishaanza wakati huo, lakini vita ni nini kwa mtoto? Mimi nilijua tu kwamba gari moshi linapita limejaa, na kwamba askari waliingia Mlali alfajiri wakakuta vitanda vitupu, wanaume wote wamekimbilia milimani. Mdachi alitaka wapagazi. Mizigo ilikuwa imerundikwa stesheni hadi kwenye paa, na vichwa vya kuibeba havikupatikana. Nilimwona Akida Faki bin Hemedi, mtu wa serikali, amekaa barazani kwa Kaiza siku mbili mfululizo, wanakunywa kahawa na kusema kwa sauti ya chini. Karibu yao alikaa mkubwa wa chama cha reli. Nilishangaa, maana hao wakubwa wawili hata maziko walizika kwa zamu wasikutane. Nikafurahi. Nilidhani wanapatana.

Baada ya siku hizo Kaiza akatuita. Alisimama na koti lake, akasema kwa upole ambao hatukuuzoea. Mbaraka ataiacha ngoma. Athumani arudi. Akida ametoa ng'ombe, nyama italiwa na wote sawasawa. Ijumaa baada ya sala tutashindana na watu wa reli. Vigelegele vilipasua anga. Sharti lake lilikuwa moja tu. Wacheza wawe wanaume wenye nguvu, kila mmoja na kitambaa chake mkononi. Wazee na wagonjwa wabaki nyumbani, "tusije tukaaibika mbele ya wageni."

Usiku ule Mama hakuimba. Alikaa anachambua mboga, akasema, "Mchoyo akikupa vyote kwa siku moja, hesabu vidole vyako." Lakini kesho yake naye alifua kanga yake ya ngoma. Tulikuwa tumeshinda, ndugu zangu. Nani anataka kuhesabu vidole siku ya ushindi?

Aliyetumwa kumwita Athumani nilikuwa mimi. Kaiza mwenyewe aliniita, akainama mpaka nikasikia pumzi yake, akanipa kipande cha sukari guru na kile kitambaa chekundu ambacho kaka alikiacha kizingitini. "Wengine hatawasikiliza," aliniambia. "Wewe mwambie ngoma inamlilia."

Nilipanda kuanzia asubuhi, ukungu umelala juu ya migomba, udongo mwekundu unateleza. Sukari guru niliimaliza kabla sijavuka kijito cha pili. Nilimkuta Athumani kwenye mteremko, jembe mkononi. Alipokiona kitambaa alicheka, akaweka jembe begani.

"Amekubali hivihivi?"

"Kila kitu. Mbaraka ameondolewa."

"Mjomba anasema nisishuke mpaka mvua. Askari wanazunguka."

Mjomba alikuwa anafunga kuni, akaongeza kwa Kiluguru kwamba maharage hayana haraka. Na Athumani akaanza kugeuka kurudi kwenye tuta lake. Mimi niliona aibu ya kurudi mikono mitupu. Nikapiga mguu chini, nikasema, "Basi Mbaraka atapiga tena, na sisi tutaimbiwa tena kisimani, na kosa litakuwa lako!"

Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupiga mpini wa jembe. Akanyoosha mkono nimfunge kitambaa. Nilikifunga mafundo mawili kisifunguke.

Ijumaa uwanja ulijaa kama sijawahi kuona. Niliipasha ngoma, Athumani akaigusa kwa kucha, akaniambia imeiva. Alipoanza kupiga, watu wa reli waliiacha ngoma yao wakaja kwetu, mmoja mmoja, kisha kundi zima, buluu ikaingia kwenye nyekundu, na ya kwao ikabaki na vumbi. Hatukuwahi kushinda vile. Nililia kwa furaha. Nikawasha nyasi nyingine, niipashe ngoma yetu ya pili ili Athumani abadilishe, na hapo nikainua kichwa kumtafuta Kaiza aone.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Cha Akida kilikuwa kitupu. Mbaraka hakuwepo.

Askari walitoka pande zote kwa wakati mmoja, hawakukimbia. Walikuwa na kamba. Ofisa wa Kidachi aliyekuwa juu ya farasi alisema neno moja, na askari wakapaza sauti, "Wenye vitambaa huku! Wanawake nje!" Kazi yao ilikuwa rahisi, maana tulikuwa tumewachagulia wenyewe wenye nguvu na kuwatia alama. Wengine walijaribu kuvirarua. Athumani alivuta chake kwa meno. Mafundo yangu mawili hayakufunguka.

Alinipita karibu amefungwa kamba kiunoni pamoja na mtu wa reli ambaye zamani walirushiana mawe. Aliniambia tu, "Hawa, ngoma, itaungua." Nikageuka, ngozi ilikuwa imekwisha kupasuka, na ile harufu ya pili ikanijaa kooni.

Walipelekwa stesheni, wakasombwa kwa gari moshi hadi Ngerengere, na kutoka hapo kwa miguu kusini. Wa mtaa wetu waliorudi ni wawili. Mmoja alituambia Athumani alikufa kwa kuhara kando ya mto ambao jina lake hakulijua, na kwamba njia nzima alikuwa akipiga vidole kwenye sanduku lililokuwa kichwani mwake, hata askari wakamchapa aache. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Akaacha?" Yule mtu akasema hakuacha. Njaa iliyofuata ilimchukua Mama. Mimi ilinisaza.

Salumu Mwinyikondo alikufa mzee kitandani kwake. Mbaraka hakubeba hata debe. Akida Faki aliwasalimu Waingereza kwa kofia ileile aliyowavulia Wadachi. Kwa miaka mingi niliwalaani hao watatu kila baada ya sala, na bado. Lakini ukubwani nimeelewa jambo ambalo mtoto hakulielewa. Hawakutukamata kwa ujinga wetu, walitukamata kwa haki yetu. Tulikuwa na haki ya kudai, na kila tulichokidai kilikuwa cha kweli, na hao waliotuzoea walijua kwamba ndicho kitu kimoja ambacho tungeshuka mlimani kukifuata.

Shabani anacheka anaponiona hivi. "Mama, huu ni mpira tu." Najua. Najua Jumapili watacheza, watafungwa au watafunga, watarudi wamekauka koo. Nimemfulia jezi yake. Lakini alipoomba nitume mtu Mafiga akamwite binamu yake aje naye uwanjani, nilimwambia aende mwenyewe.

Majirani wananishangaa tangu nilipoolewa. Chakula kikiiva, wenzangu husimama mlangoni wakapaza sauti, watoto wakaja mbio. Mimi hutembea hadi walipo, hata kama ni ng'ambo ya mto, nikamgusa mmojammoja begani. Mtu nikimtaka namfuata. Simwiti.